Mfarishi wa rangi za bendera: buluu ipi, kijani kipi, na nyeusi kiasi gani?

Anayetaka kushona mfarishi wa viraka kwa rangi za nchi, hapa Zanzibar anakutana kwanza na swali la bendera ipi. Ya Muungano ina rangi nne, kijani, manjano, nyeusi na buluu, na imekuwa hivyo tangu Juni 1964. Ya Zanzibar, iliyoanza kupepea Januari 2005, ina mistari mitatu iliyolala: buluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, na ile ya Muungano imewekwa ndogo kwenye pembe ya juu upande wa mlingoti. Ukizitazama kwa mbali utasema ni rangi zile zile. Ukikaa na mkasi na cherehani utaona ni kazi mbili mbali mbali, na kinachozitenga ni manjano.

Buluu, nyeusi na kijani, hakuna hata moja yenye mwangaza wa manjano. Panga vipande vitatu juu ya meza, vipige picha kwa simu, kisha uiondoe rangi picha ile ibaki nyeusi na nyeupe. Buluu na kijani zitatoka kijivu kimoja, huwezi kusema kipi ni kipi, na nyeusi itakuwa pembeni yao imenyamaza tu. Tia kipande cha manjano uipige tena. Sasa macho yana pa kushika. Kwenye bendera ya Muungano kazi hiyo inafanywa na mistari miwili myembamba ya manjano kando ya mkanda mweusi; bila ya mistari hiyo, mkanda ungelimezwa na kijani na buluu kabla hujafika chini ya mlingoti. Mfarishi nao unamezwa vivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu viraka ni vidogo na hutazamwa chumbani, si juani.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani amua: rangi nne, au tatu na moja ya kuazima?

Nne au tatu

Rangi nne ni rahisi kupanga. Manjano inafanya kazi ya mwangaza, nyeusi inafanya kazi ya mpaka, buluu na kijani zinajaza uwanja. Anayeshona mfarishi wake wa kwanza namshauri aanzie hapa.

Ila kuna jambo ambalo mshonaji wa kwengine hatolifikiria, na sisi hatuwezi kujifanya hatulijui. Kijani na manjano zikikaa pamoja kwa wingi, hapa hazisomwi kuwa nchi, zinasomwa kuwa Chama cha Mapinduzi. Ukikwepa kwa kuongeza zambarau ili kulainisha, umehamia ACT-Wazalendo. Mgeni akiingia chumbani akakuta rangi mbili zimetawala kitanda, kabla hajasema hodi ya pili ameshajiuliza umealikwa mkutano gani. Kama hilo ndilo unalotaka, shona kwa raha zako, ni haki yako. Kama unataka mfarishi wa nchi, basi acha buluu iwe nyingi kuliko zote na manjano iwe chache kuliko zote, isizidi kiraka kimoja katika kumi na sita, na kila kiraka cha manjano kiguse cheusi. Hapo hakuna atakayekosea.

Rangi tatu za Zanzibar hazina mtihani huo. Zina heshima, zina utulivu, na kwa mtu aliyekulia visiwani zina maana ya karibu: bahari, watu, ardhi. Zina historia pia, maana ndizo rangi za chama cha Afro-Shirazi zilizopandishwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Lakini bila ya rangi nyepesi mfarishi utakuwa mzito kama kaniki, na chumba chenye dirisha dogo la Mji Mkongwe kitazidi kuwa giza. Hivyo unaazima nyeupe. Haimo katika mistari mitatu, lakini mfarishi si bendera. Nyeupe hapa ni ukuta wa nyuma unaoziacha rangi nyengine zionekane.

Nyeupe yenyewe ni mbili. Bafta jeupe pe pe pe linang'aa vizuri siku ya kwanza, kisha linadaka kila alama ya mkono na kila tone la chai. Na tuseme ukweli, bafta jeupe lililotandikwa kitandani linamkumbusha mtu mzima sanda, hata kama hatosema. Nyeupe ya maziwa, ile ya kitambaa kisichopaushwa, haina kelele hizo. Merikani ingefaa sana kwa kazi hii ukiipata. Ni kitambaa chenye kisa chake: kilikuja hapa kwa merikebu za wafanyabiashara wa Massachusetts, Sayyid Said akafunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na jina likabaki hata baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 kuipunguza pamba yao na vitambaa vya Bombay kushika soko.

Na nyekundu? Watu huuliza. Bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, na ile iliyopandishwa tarehe 10 Disemba 1963 ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili za dhahabu. Iliishi mwezi mmoja na siku mbili. Ni rangi nzuri ya kitambaa, lakini ukiitia ndani ya mfarishi wa buluu, nyeusi na kijani unafungua mazungumzo ya siasa za wazee, na mazungumzo hayo hayamaliziki kitandani. Ukitaka joto kidogo, hasa ukiwa unamshonea mtu wa Pemba, tumia hudhurungi ya karafuu kavu kwenye pindo. Inakaa vizuri na kijani, na mwenyewe atajua imetoka wapi.

Kali au tulivu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Marekani, ambako mifarishi ya uzalendo ni jadi kubwa (kuna taasisi ya Quilts of Valor, iliyoanzishwa na Catherine Roberts mwaka 2003, inayowapa mifarishi wanajeshi na maveterani walioguswa na vita), washonaji wanagawanyika pande mbili juu ya rangi zao tatu. Wapo wanaotaka nyekundu inayowaka, nyeupe safi na buluu kamili, kama bendera ilivyo. Na wapo wanaotaka damu ya mzee, nyeupe ya maziwa na buluu nzito inayokaribia weusi, mfarishi uonekane umerithiwa. Njia zote mbili zinatambulika mara moja. Kwetu hazilingani hivyo, na sababu ni buluu.

Buluu ya bendera zetu ni nyepesi kuliko watu wanavyoikumbuka. Si buluu ya sare ya skuli. Ni buluu ya maji ya kina kifupi saa sita mchana, karibu na samawati iliyokolea. Kijani chake nacho ni kibichi, kina mwanga ndani yake. Ukichukua buluu nzito ya sketi za wanafunzi na kijani kizito cha majani ya mkarafuu ukaviweka pamoja na nyeusi, umepata vitambaa vitatu vya giza na hakuna atakayeona bendera yoyote. Kwa hiyo anayetaka njia tulivu asitulize rangi zote kwa mpigo. Atulize mbili, aache moja iseme.

Mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote ni huu: buluu iwe ya bendera kweli kweli, kijani kishushwe kidogo kiwe cha jani la mwembe, nyeusi ibaki nyeusi, na manjano iwe ya bizari badala ya ile ya ndimu. Buluu inatambulisha nchi, vyengine vinaifuata. Wa pili wake ni kinyume: buluu ya nili na kijani kibichi chenye mwanga. Huo unafaa zaidi kitanda kinachotumika kila siku, kwa sababu nili ikipauka hubaki nzuri, wakati buluu kali ikipauka huonekana imechoka.

Rangi zote kali pamoja? Zinapendeza ukutani, kwenye ofisi, au kwenye mfarishi wa mtoto. Juu ya kitanda cha futi 5 kwa 6 ni nyingi mno. Zote tulivu pamoja? Sishauri, isipokuwa utie nyeupe ya maziwa robo nzima ya mfarishi.

Usichague kwa taa za dukani. Maduka ya Mchangani ni membamba na yana taa nyeupe zinazoifanya samawati ionekane kijani na nyeusi ionekane buluu. Muuzaji mwenye subira atakwambia, "Chukua tu, bi mkubwa, toka nayo barazani uitazame." Asiye na subira atakwambia rangi ni hiyo hiyo. Toka nayo. Na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hata baraza ina kivuli, kwa hiyo kata kipande kidogo cha kila kimoja, au omba ukatiwe, uende navyo mpaka uwazi wa Darajani. Ukiwa Chake Chake au Wete huna shida hiyo, mlango wa duka unatazama jua.

Poplini, tetroni, kanga, satini

Rangi ileile kwenye vitambaa viwili si rangi moja. Satini ya kijani inapiga mwanga, kila ukisogea inageuka. Poplini ya kijani inatulia. Satini nzuri kwa mito, si kwa viraka: inateleza chini ya sindano, inafumuka ukingoni, na ukipita pasi ya moto inabaki na alama. Sitaizungumza tena.

Mashindano hasa ni baina ya poplini ya pamba na tetroni, yaani kitambaa cha nyuzi za poliesta. Tetroni ina faida za kweli. Haichuji, haipauki haraka, haijikunji, na rangi zake ni sawasawa kutoka jora moja mpaka jengine, kwa sababu hutengenezwa kwa ajili ya sare. Bei yake ni ya watu. Kasoro yake ni kwamba haikubali kulazwa kwa pasi. Mshono wa mfarishi unatakiwa ulale, na tetroni hunyanyuka. Viraka mia mbili vikinyanyuka kila kimoja kidogo, mfarishi hauendi mraba. Juu ya hayo ina joto. Kulala chini ya tetroni wakati wa kaskazi ni adhabu.

Poplini ya pamba inalala, inapumua, inashikana na uzi. Lakini hurudi ikifuliwa, yaani husinyaa, na rangi nzito huchuja. Ukichagua pamba, kila kitu kiwe pamba. Ukichanganya na tetroni, siku ya kufua ya kwanza pamba itarudi na tetroni itakataa, na mfarishi mzima utafanya mawimbi. Maneno ya "pamba mia kwa mia" ya muuzaji usiyachukue yalivyo. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki jivu laini linalopeperuka. Tetroni huyeyuka, inajikunja ikawa kitone kigumu cheusi. Ukiona jivu na kitone kwa pamoja, ni mchanganyiko.

Kanga ina mahali pake. Ni pamba, ni yetu, na hakuna kitakachoonyesha Zanzibar kwa haraka kuliko pindo la kanga. Tatizo ni ukubwa wa mapambo. Pambo la korosho la mjini, yaani katikati mwa kanga, halienei kwenye kiraka cha inchi sita. Utapata nusu korosho, mkia wa korosho, na watu hawatojua ni nini. Kanga basi isikatwe mraba. Ikatwe mikanda mirefu, pindo litumike kuzungushia mfarishi mzima, na jina likae ukingoni litakaposomeka. Jina nalo lisome kabla hujalipa. Kijembe kwa jirani kinafurahisha kiunoni, lakini juu ya mfarishi wa nchi utakaotandikwa mbele ya wageni kinageuka kitu chengine. Kanga za sherehe zenye sura ya kiongozi ziache zilivyo. Kuikata sura ya mtu vipande na kuilalia si adabu. Na bendera yenyewe, ya kitambaa, usiiguse kabisa kwa mkasi: inalindwa kwa sheria, na mfarishi unachukua rangi zake, hauchukui bendera.

Kitenge ni kizito kuliko kanga. Kwa kiraka kimoja kimoja cha kuchangamsha, sawa. Kwa uwanja mzima, hapana, ukikiunga na poplini kitaivuta.

Kuchuja

Nyeusi na buluu nzito ndizo zenye hila. Chovya kipande cha bafta jeupe majini, kikamue, kisha usugue nacho kitambaa kipya mahali pamoja kwa nguvu. Kikitoka na doa, kitambaa kitachuja. Hilo si sababu ya kukikataa, ni sababu ya kukifua kabla ya kukikata. Kifue peke yake, umwage, ufue tena, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Watu wengi hutia chumvi au siki wakiamini inafunga rangi. Kwa vitambaa vya kiwandani vya leo haifungi. Kinachosaidia ni kuiosha ile rangi ya ziada mpaka iishe. Nyeusi ambayo baada ya mafuo matatu bado inatia maji wino, irudishe kwenye kabati uifanyie kitu chengine. Ukiiweka pembeni mwa nyeupe ya maziwa, nyeupe hiyo haitorudi.

Kufua kabla kuna faida ya pili: kitambaa kinarudi chote kinachotaka kurudi, wewe unakata kilichobaki.

Yadi ngapi

Chukua kitanda cha futi 5 kwa 6. Ukitaka mfarishi ushuke futi moja pande mbili na miguuni, unahitaji futi 7 kwa 7, yaani inchi 84 kila upande. Viraka vya inchi 6 vilivyokwisha kushonwa ni 14 kwa 14, jumla 196. Kila kimoja unakikata inchi 6 na nusu, kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Kama unampelekea fundi cherehani, mwambie robo inchi kwa kinywa chako na umwonyeshe kwa futikamba. Mafundi wetu wamezoea nusu inchi ya nguo, na nusu inchi kwenye viraka 14 itakula zaidi ya nusu futi ya mfarishi wako.

Kwa kitambaa cha upana wa inchi 45, yadi 7 zinatosha na kubakisha kidogo. Katika mchanganyiko wangu wa kwanza nazigawa hivi: buluu yadi 2 na nusu, kijani 2, nyeusi 1, nyeupe ya maziwa 1, manjano nusu yadi. Ndiyo, nimetia nyeupe hata kwenye rangi nne. Manjano chache peke yake haitoshi kuuangaza mfarishi mkubwa. Ukienda kwa rangi tatu za Zanzibar, nusu yadi ya manjano ihamie kwenye nyeupe na huna haja ya kubadili chengine. Ukiona nyeusi imekuzidi, ipunguzie kwa kijani, usiipunguzie kwa buluu. Kama utafua kabla ya kukata, na ufue, ongeza robo yadi kwenye kila rangi.

Kuhusu mkanda wa mshazari kama wa bendera ya Muungano: unapendeza, lakini kitambaa kilichokatwa hanamu kinavutika. Usikate kipande kirefu cha hanamu ukakiunga. Panga viraka vyeusi vya mraba kwa ngazi, kutoka pembe ya chini kushoto kupanda mpaka pembe ya juu kulia, na jicho litauona mkanda lenyewe. Kijani kikae juu yake, buluu chini. Weka viraka vya manjano kwa kuruka ruka kando ya ngazi hiyo, si kwa mstari kamili.

Bitana inataka yadi 5, mapande mawili yaliyoungwa katikati. Iwe ya rangi moja, na nyepesi kuliko uso: samawati ya maji inafaa kuliko nyeupe, haionyeshi uchafu. Ndani usitie sufi, ukiufua mara moja inakuwa mabonge. Kwa Unguja na Pemba, uso na bitana peke yake vinatosha karibu mwaka mzima. Kwa kipupwe tia shuka nzee ya pamba katikati, ipige bandi, yaani mshono mpana wa muda, kwa mkono kabla ya kushona. Ukimshonea mtu aliyeko London au Muscat, ya London ndiyo inayohitaji blanketi jembamba ndani, na ukiipeleka huko unaweza kuacha rangi ziwe kali zaidi kuliko nilivyoshauri, kwa sababu jua la kuzipausha hatolipata. Hapa kwetu uanike kivulini, bitana ndiyo itazame juu.